Mazoezi ya nyumbani kwa mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi

Mtu mwenye neva zenye afya akihisi kijiwe ndani ya kiatu husimama papo hapo akakitoa. Mwenye kisukari ambaye neva za miguu yake zimeharibika anaweza kwenda na kijiwe hicho sokoni na kurudi, akagundua kilichotokea pale tu anapovua soksi na kuona damu. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza kila zoezi lililoelezwa hapa. Ushauri wa kawaida unaotolewa kwa wafanya mazoezi ni kuacha wanapoumia, lakini ushauri huo haumfai mtu ambaye maumivu yake hayaaminiki tena, kwa sababu mguu wake unaweza kuwaka moto usiku kucha pasipo jeraha lolote, kisha ukachubuka mchana bila yeye kujua. Kazi ambayo maumivu yangeifanya inabidi ifanywe na macho, mkono na saa.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu neva zenyewe pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu huathirika kwanza, na ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, hupanda taratibu kuelekea kifundoni na kwenye shavu la mguu, na huchelewa kufika mikononi. Karibu nusu ya watu wenye kisukari hupata tatizo hili wakati fulani wa maisha yao. Hisia si kitu pekee kinachopotea. Misuli midogo ya unyayo hudhoofika, vidole vikajikunja na uzito wa mwili ukaangukia kwenye vichwa vya mifupa ya mbele ya unyayo. Kano ya kisigino hukakamaa, kifundo kikawa kigumu kukunjika. Na ubongo hukosa taarifa za mahali mguu ulipo, hasa gizani, hivyo mtu akapepesuka kila anapoamka kwenda chooni usiku.

Mazoezi hayafufui neva iliyokwisha kufa, na anayekuuzia ahadi hiyo asikupotezee fedha. Yanachofanya ni kushusha sukari, kuimarisha misuli iliyobaki, kulegeza kifundo na kuufundisha mwili kusimama imara. Zamani wagonjwa hawa waliambiwa wakae tu, kwa hofu kwamba kutembea kungewaletea vidonda. Siku hizi Chama cha Kisukari cha Marekani, ambacho miongozo yake hufuatwa katika nchi nyingi, kinaeleza kwamba kutembea kwa kasi ya wastani hakuongezi hatari ya vidonda kwa mwenye ganzi, mradi amevaa viatu vinavyofaa na anakagua miguu yake kila siku.

Hatua ya kwanza: maswali ya kliniki

Kabla ya kuanza, zungumza na wahudumu wa kliniki yako ya kisukari, na uende ukiwa na maswali mahususi, kwani swali la jumla la kama mazoezi yanaruhusiwa hujibiwa kwa jibu la jumla. Uliza ni lini sehemu ya nyuma ya macho yako ilipimwa mara ya mwisho. Mtu ambaye kisukari kimemwotesha mishipa mipya dhaifu ndani ya jicho hapaswi kubana pumzi, kunyanyua vitu vizito, kuruka wala kuinamisha kichwa chini, kwa sababu mishipa hiyo inaweza kupasuka na kuvuja damu.

Omba pia upimwe shinikizo la damu ukiwa umelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huenda neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu nazo zimeguswa. Mtu wa namna hiyo hupata kizunguzungu anapoinuka, mapigo ya moyo wake si kipimo kizuri cha juhudi, na mwili wake haujui tena kutoa jasho inavyotakiwa, kwa hiyo joto la Dar es Salaam au Mombasa humwelemea upesi kuliko wenzake. Yeye afanye mazoezi asubuhi mapema au jioni, kivulini, maji yakiwa karibu.

Ikiwa umetumia metformini kwa miaka mingi, uliza kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana sana na ya kisukari, lakini yenyewe ina tiba.

Hatua ya pili: kupima hisia za vidole

Kipimo kifuatacho, ambacho kilibuniwa na wataalamu wa hospitali ya Ipswich nchini Uingereza, hakihitaji kifaa chochote. Jilaze ukiwa umefumba macho, miguu ikiwa wazi, na mtu wa nyumbani, awe mwenzi wako, mwanao au mjukuu mwenye utulivu, akuguse kwa ncha ya kidole cha shahada kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Mguso uwe mwepesi, wa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asisugue wala asitekenye. Wewe sema "kulia" au "kushoto" kila unapohisi. Mahali ambapo hukuhisi asiparudie, maana mguso wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza hata kama mgusaji hakukusudia. Ukikosa kuhisi sehemu 2 au zaidi kati ya hizo 6, jihesabu kuwa umepoteza hisia zinazoulinda mguu, na uyafuate masharti yote ya hatua zinazofuata bila kujipunguzia. Aliyewahi kupata kidonda cha unyayo ayafuate hata kama amehisi zote.

Hatua ya tatu: kukagua miguu na viatu

Kagua miguu kila siku kabla ya zoezi na baada yake. Keti penye mwanga, utazame juu ya mguu, kati ya vidole na kwenye visigino, kisha uweke kioo sakafuni uone unyayo. Unatafuta malengelenge, mpasuko, sugu mpya, ukucha uliozama nyamani, uvimbe na mabadiliko ya rangi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi, kwa hiyo weka mgongo wa kiganja chako mahali palepale kwenye mguu wa kulia na wa kushoto, ulinganishe joto. Sehemu yenye joto kuliko ya upande wa pili huenda imeumia ndani, hata kama ngozi haina alama. Ukaguzi wa asubuhi una sababu nyingine ambayo miongozo ya Ulaya haiitaji: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usiku.

Mazoezi yote ya kusimama na kutembea yafanywe ukiwa na soksi na raba zilizofungwa vizuri. Kandambili humlazimisha mvaaji kukunja vidole ili zisivuke, na mkanda wake huchubua katikati ya vidole. Kwa kuwa mguu wako hauwezi kukuambia kama kiatu kinabana, tumia karatasi ngumu. Simama juu yake jioni, wakati miguu imevimba kidogo, uchore ukingo wa unyayo, ukate umbo hilo, kisha ulitie ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Na mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Raba za mtumba si haramu, lakini soli ya ndani ya kiatu cha mtumba imekwisha kulalia umbo la unyayo wa mtu mwingine, kwa hiyo ing'oe na uweke mpya. Kila unapovaa, ingiza mkono kwanza upapase ndani. Soksi ziwe nyeupe au za rangi hafifu ili damu au majimaji yaonekane mara moja, na zenye mshono mnene zivaliwe mshono ukiwa nje.

Hatua ya nne: kupima sukari

Anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiraidi, apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5.0 mmol/L, ale kwanza kitu chenye wanga, kwa mfano ndizi mbivu moja. Ikiwa juu ya 13.9 na unajisikia vibaya, una kiu isiyokoma au unatapika, usifanye zoezi, nenda kliniki. Weka karibu vijiko 3 vya chai vya sukari, au soda ya kawaida isiyo ya "sukari sifuri". Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho baridi, kuchanganyikiwa au kuhisi njaa ya ghafla, keti, koroga sukari hiyo katika nusu glasi ya maji unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Wenye neva zilizoharibika kwa muda mrefu, na wanaotumia dawa za presha kama propranololi, wakati mwingine hawazipati dalili hizi za mapema, na kwao kipimo hakina mbadala. Sukari inaweza pia kushuka saa nyingi baada ya zoezi, hata usiku, hivyo siku uliyojituma zaidi ya kawaida pima kabla ya kulala.

Hatua ya tano: mazoezi ya kukaa

Wiki 2 za kwanza ziishie kwenye kiti. Chagua kiti cha mbao chenye egemeo na ukiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki ni chepesi na huteleza kwenye sakafu ya vigae. Keti mgongo ukiwa wima, unyooshe goti la kulia, uvute vidole vya mguu kuelekea kwako mpaka uhisi au uone shavu la mguu likikaza, kisha uvisukume mbele. Fanya hivyo mara 15, uzungushe kifundo mara 10 kila upande, halafu uhamie mguu wa kushoto. Utazame mguu muda wote. Watu wengi wenye ganzi hushangaa kuona kwamba mguu waliodhani unasogea umesimama tu, na kuutazama ndiko kunakoufundisha upya.

Kisha tandaza kitambaa sakafuni, uweke unyayo wenye soksi juu yake, na ukivute kwako kwa kukunja na kukunjua vidole, mara 10 kila mguu. Zoezi hili ni la misuli ile midogo inayozuia vidole visijikunje.

Kwa kano ya kisigino, kanga ni kifaa bora kuliko mikanda ya dukani. Keti kitandani mguu ukiwa umenyooka, pitisha kanga chini ya sehemu ya mbele ya unyayo wenye soksi, ushike ncha zake mbili na uvute taratibu bila kushtua. Hesabu sekunde 30, legeza, urudie mara 3. Uvutaji usioonekana kuleta tofauti wiki ya kwanza usikukatishe tamaa, kwa kuwa kano iliyokakamaa kwa miaka hulegea kwa miezi, na kifundo kinachokunjika vizuri hupunguza mzigo kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, ambako vidonda vingi huanzia.

Maliza kwa kuinuka na kuketi. Sogea mbele ya kiti, miguu iwe chini ya magoti, uinuke ukipumua nje, kisha uketi polepole ukihesabu hadi tatu. Anza na mara 5, kwa msaada wa mikono ikibidi, uongeze hadi 10 katika mizunguko 2. Mwenye kizunguzungu asimame na kutulia kabla ya kuketi tena.

Hatua ya sita: nguvu na mizani ukiwa umesimama

Simama ukishika meza nzito au ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Inua visigino, uhesabu hadi mbili, uvishushe taratibu, mara 10. Aliyewahi kupata kidonda chini ya vidole aliache zoezi hili, kwa kuwa huweka mwili wote juu ya kovu lake. Yeye aegemeze mgongo ukutani na kuinua vidole, visigino vikibaki chini. Baada ya hapo inua mguu mmoja pembeni bila kuupinda mwili, mara 10, kisha mwingine.

Mizani inastahili subira kuliko yote. Simama kwenye kona ya chumba, kuta zikiwa nyuma yako na kiti kizito mbele, na mtu wa nyumbani awe karibu. Mkao wa kwanza ni miguu ikiwa imegusana. Wa pili, mguu mmoja umesogea mbele kiasi kwamba katikati yake pamegusana na kidole gumba cha mwingine. Wa tatu, kisigino cha mbele kinagusa vidole vya nyuma. Wa nne ni kusimama kwa mguu mmoja. Ukiweza kukaa katika mkao mmoja sekunde 30 bila kushika kitu, ndipo uende unaofuata. Asiyefikisha sekunde 10 katika mkao wa tatu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na amweleze daktari. Miongozo mingi huhimiza kufumba macho ili zoezi liwe gumu. Kwa mwenye ganzi naona hilo ni jambo la kufanywa mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia peke yake, kwa kuwa macho ndiyo yanayofanya kazi ya nyayo zake. Kwa sababu hiyohiyo, asifanye mazoezi haya umeme unapokatika.

Fanya hatua hii siku 3 kwa wiki, kwa kupisha siku.

Hatua ya saba: kutembea

Lengo la watu wazima wenye kisukari ni dakika 150 kwa wiki, zikigawanywa katika siku 3 au zaidi, bila kupitisha siku mbili mfululizo za kukaa tu. Usilikimbilie. Anza na dakika 5 uani au barazani, kwenye ardhi tambarare, kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Baada ya kila matembezi vua viatu na soksi. Alama au joto lisiloondoka baada ya nusu saa linaonyesha kwamba kiatu kinakandamiza hapo, na hutembei tena na kiatu hicho hadi kirekebishwe. Miguu ikiwa salama kwa wiki nzima, ongeza dakika 2 kwa kila matembezi.

Matembezi ya dakika 10 baada ya chakula cha jioni hushusha sukari ya mlo ule, nayo ni rahisi kuyashika kuliko saa moja ya Jumamosi. Katikati ya mchana, kila baada ya nusu saa ya kukaa, inuka hata kwa dakika chache. Wakazi wa pwani wanaopenda kutembea ufukweni pekupeku waiache desturi hiyo, kwa sababu mchanga wa mchana huunguza na magamba ya chaza hukata bila taarifa.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayeruhusiwa na daktari wake kufunga aihesabu sala ya tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku, na asifanye zoezi la nguvu saa za mwisho kabla ya futari, ambapo sukari huwa chini. Msikitini avae soksi, na akitoka apapase ndani ya viatu kabla ya kuvivaa.

Mikono ikianza ganzi, kutanisha viganja kama anayeomba dua huku viwiko vikiwa pembeni. Vidole visipogusana sawasawa, viungo vimekakamaa. Finya kitambaa kilichokunjwa mara 15, kisha gusisha kidole gumba kwa kila kidole, ukitazama.

Wakati wa kuacha

Mguu ukivimba na kuwa wa moto, hata bila maumivu na bila jeraha, acha kuukanyagia na uende hospitali siku hiyohiyo. Huenda mifupa ya unyayo imeanza kuvunjika na kuporomoka, hali ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kuteguka, na kila hatua inayoongezwa huuharibu zaidi umbo la mguu. Kidonda chochote cha unyayo husimamisha mazoezi ya kusimama na kutembea. Mikono na kifua vinaweza kuendelea ukiwa umeketi. Kubanwa kifua, au kuhema na kutoka jasho kusikolingana na kazi uliyofanya, ni jambo la dharura, kwa kuwa neva zilizoharibika zinaweza kuficha maumivu ya moyo.

Andika katika daftari tarehe, sukari kabla na baada, dakika ulizofanya na hali ya nyayo, ulipeleke kliniki. Sukari ikianza kushuka mara kwa mara baada ya mazoezi, daktari ataangalia namba hizo na kuamua kama dozi ipunguzwe, usiipunguze mwenyewe. Omba pia miguu yako ichunguzwe, kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa mwenye ganzi pasipo tatizo jingine, na kila baada ya mwezi 1 hadi 3 kwa aliyewahi kupata kidonda.